Chungu cha mozaiki kinabanduka, kinapasuka au kinatoa unga mweupe? Anza kukagua hapa

Malalamiko kuhusu vyungu vya maua vya mozaiki, yaani vilivyopambwa kwa kubandikwa vipande vya vigae, ni yale yale kila siku, vipande vimedondoka, grauti (ule mchanganyiko wa simenti unaojaza nafasi kati ya vigae) imepasuka, unga mweupe umetokea juu ya vigae, na mtu akishaona hivyo cha kwanza anauliza gundi gani kali zaidi. Swali sio hilo. Mara nyingi gundi haina kosa lolote, kosa ni maji, na sio maji ya mvua bali yale unayomwagilia mmea mwenyewe. Chungu cha udongo uliochomwa ambacho hakijapakwa glezi (ule utando unaong'aa kama glasi) kina vitundu vidogo sana visivyoonekana, maji yanatoka kwenye udongo wa ndani yanapenya ukuta wa chungu yanatafuta kutokea nje. Kabla hujakipamba yalikuwa yanatokea na kukauka tu hewani. Sasa umekiziba nje kote kwa vigae na grauti, yanaenda wapi? Yanakaa nyuma ya vigae, hapo hapo kwenye gundi.

Kwa hiyo ukisoma dalili yoyote hapa chini weka hilo kichwani kwanza. Kwenye kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea sana nikashuka hadi kile cha nadra, na vipimo vya kwanza ni vile vya bure kabisa, kugusa, kugonga, kuangalia. Usiruke ukaenda moja kwa moja kwenye kubomoa.

Vipande vinabanduka au vinadondoka vyenyewe

Hii ndiyo inayoongoza kwa mbali. Kipande kilichodondoka usikitupe na usikirudishie haraka haraka, kigeuze uangalie mgongo wake, afu angalia na pale kilipotoka kwenye chungu, manake gundi inakuambia yenyewe tatizo liko wapi.

Gundi yote imebaki kwenye kigae na ukuta wa chungu uko msafi: gundi haikushika chungu. Chungu kilikuwa na vumbi, au kilikuwa na rangi, au glezi inayoteleza, au kilikuwa bado kina maji ndani ya ukuta. Pitisha kidole kwenye gundi iliyoko mgongoni mwa kigae, ukiona kidole kimetoka na vumbi jekundu ujue ni ngozi ya juu ya chungu ndiyo iliyobanduka na gundi.

Gundi yote imebaki kwenye chungu na mgongo wa kigae unang'aa kama mpya: gundi ilishaanza kukauka juu kabla hujabandika, au kigae chenyewe kilikuwa na mafuta au vumbi la kukatia. Ukiangalia vizuri gundi iliyobaki kwenye chungu utaona imeacha alama laini ya kigae bila kukigusa kote, au mistari ya mwiko bado imesimama vile vile haijabonyea.

Gundi imegawanyika, nusu huku nusu kule: gundi yenyewe ndiyo dhaifu au imelainika. Loweka kile kipande kwenye bakuli la maji usiku kucha. Asubuhi ukikuta gundi imekuwa nyeupe, laini, inavutika kwa ukucha, basi ulitumia gundi nyeupe ya mbao au ya karatasi. Hiyo ni nzuri kwa fremu ya picha inayokaa sebuleni, kwa chungu kinachomwagiliwa maji haifai hata kama kimewekwa ndani ya nyumba, manake ikikutana na unyevu wa muda mrefu inarudi kuwa laini.

Ukishajua upande uliokosea, marekebisho ni haya.

Kama ni kipande kimoja viwili, gonga kwanza vingine vyote kwa ukucha au kwa mpini wa brashi. Kilichoshika vizuri kinatoa sauti nzito iliyojaa, kilichoachia kinatoa sauti ya uwazi. Weka alama ya penseli kila chenye sauti ya uwazi. Usishangae ukikuta alama nyingi kuliko ulivyofikiria, na angalia ziko wapi, manake zikiwa nyingi kuanzia katikati kwenda chini ya chungu ni maji ya ndani, zikiwa zimetawanyika hovyo ni kazi ya kubandika, na zikiwa kwenye tumbo la chungu pale kinapojikunja sana ni kwamba vipande ni vikubwa kuliko mkunjo, yaani kigae bapa kimegusa katikati tu na pembeni kote kuna uwazi. Kwenye mkunjo mkali tumia vipande vya sentimita 1 au pungufu.

Toa kilicholegea, kwangua gundi ya zamani pande zote mbili, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, acha chungu kikauke. Na kukauka hapa namaanisha kukauka kweli, chungu kilichokuwa na mmea kinaweza kuchukua siku kadhaa na hata wiki kikiwa kinene. Kipimo rahisi: kifunike sehemu ndogo ya ukuta kwa kipande cha nailoni, bandika kwa utepe pande zote nne, acha hadi kesho. Ukikuta nailoni ina matone kwa ndani bado kina maji.

Afu bandika kwa gundi ya vigae ya unga, ile ya simenti yenye viongezeo vya polima inayouzwa kwa ajili ya kuta za bafu na nje. Kama chungu ni kikavu sana pitisha kwanza sponji yenye unyevu kidogo, sio ya kudondosha maji. Sababu ni kwamba udongo mkavu unanyonya maji ya gundi kabla simenti haijashika, unabaki na gundi ya unga unga. Najua inaonekana kama najipinga, kikaushe afu kiloweshe, ila ni vitu viwili tofauti, ukuta uwe mkavu ndani na uso tu ndio uwe na unyevu mdogo. Paka eneo dogo unaloweza kulimaliza ndani ya dakika 10 hivi, na kila baada ya muda gusa gundi kwa kidole, isipokuachia alama kidoleni ikwangue upake mpya.

Na ndani ya chungu? Hapo ndipo wengi wanapoacha kazi nusu. Ukishakausha, paka kuta za ndani dawa ya kuzuia maji ya kuta, mara mbili, chini hadi juu kidogo ya usawa wa udongo utakapofika, tundu la chini uliache wazi. Chagua ambayo kopo lake linasema inafaa kugusana na udongo wa mimea. Njia rahisi kuliko zote, na mimi ndiyo naipendekeza kwa yeyote anayeuliza, ni kuacha mmea kwenye chungu chake cha plastiki na kukitumbukiza ndani ya hiki kilichopambwa. Maji hayagusi kabisa ukuta.

Kwa chungu cha plastiki au cha glezi habari ni nyingine kidogo. Maji hayapenyi, lakini gundi ya simenti haina pa kushika. Glezi ikwaruze kwa msasa wa maji mpaka mng'ao upotee afu paka praima ya kushikia, yaani rangi ya kwanza inayosaidia gundi ishike. Plastiki laini inayopindapinda ukiibinya, sikushauri, hata ukiibandikia gundi kali namna gani ikijaa udongo inatanuka na vipande vinaruka.

Acha na tafuta fundi ikiwa vigae vinadondoka kutoka chungu kikubwa kilichojengewa ukutani, kwenye ukingo wa ghorofa au juu ya njia wanapopita watu. Kigae kidogo kikidondoka kutoka juu kinaumiza mtu. Ondoa watu chini kwanza, mengine baadaye.

Vipande vinaserereka wakati unabandika

Unaweka safu ya juu, ukigeuka ya chini imeshuka. Kinachosababisha mara nyingi ni gundi nyepesi mno, umezidisha maji. Gundi nzuri ukiichota kwa mwiko na kuugeuza inabaki, haidondoki. Ikidondoka ongeza unga kidogo, koroga, acha itulie dakika 5 hadi 10 afu koroga tena bila kuongeza maji. Ule utulivu wa katikati watu wanauruka na ndio unaofanya viongezeo viyeyuke vizuri.

Baada ya hapo ni uzito, mawe na vipande vya sahani nene vinahitaji kuzuiwa kwa utepe wa karatasi mpaka gundi ishike. Na baada ya hapo ni mwelekeo, laza chungu ubavu kwenye taulo lililokunjwa, fanya upande mmoja, subiri, geuza. Inachukua muda mrefu zaidi lakini utapambana na mvutano wa dunia mpaka lini.

Grauti inapasuka, inamomonyoka au ina vitundu

Angalia kwanza nyufa zilivyo.

Nyufa nyembamba nyingi kila mahali, kama nywele, zilizotokea siku ile ile au kesho yake: maji yalizidi kwenye mchanganyiko au ilikauka haraka sana juani au kwenye upepo. Simenti haikauki kama matope, inahitaji maji ili igeuke kuwa ngumu, yakiondoka mapema inasinyaa na kubaki dhaifu. Ukiikwaruza kwa ukucha ikatoka unga unga, ndiyo hiyo. Nyufa chache unaweza kuzijazia grauti mpya laini ukiwa umelowesha kwanza, ila ikiwa inatoka unga kote kote hakuna dawa ya kupaka juu, ikwangue angalau theluthi mbili ya kina chake uweke upya. Mara hii changanya iwe nzito kama siagi ya karanga, na ukimaliza funika chungu kwa mfuko wa plastiki bila kuubana, kivulini, siku 2 au 3.

Nyufa zinazofuata mpaka wa kigae, yaani grauti imeachana na kigae: labda ulitumia grauti isiyo na mchanga kwenye nafasi pana. Nafasi zinazozidi milimita 3 zinataka grauti yenye mchanga, chini ya hapo ile laini inatosha. Kinyume chake pia kipo, grauti ya mchanga haiingii vizuri kwenye nafasi finyu na inakwaruza vipande laini vya glasi. Kama chungu chako kina nafasi za kila aina, na vya vipande vilivyovunjwa kwa nyundo huwa hivyo, jitahidi kupanga upya zile pana uzijazie vipande vidogo kabla ya kufikiria grauti.

Ufa mmoja mrefu unaokata grauti na vigae bila kujali: huo sio wa grauti, ni chungu chenyewe. Nenda sehemu ya mwisho kabisa.

Vitundu vidogo vidogo vinatokana na hewa, umekoroga kwa nguvu sana au hukukandamiza grauti ikaingia mpaka chini. Sukuma kwa kidole chenye glavu kwenye kila mfereji kutoka pande mbili tofauti. Vifaa bapa vya kupakia grauti ukutani havina kazi kwenye kitu cha mviringo, vidole ndiyo kifaa chenyewe.

Ulisubiri gundi ikauke? Masaa 24 ndiyo angalau, na kwenye hali ya hewa ya unyevu au vigae vya glasi visivyopitisha hewa ngoja zaidi. Grauti iliyowekwa juu ya gundi mbichi inapasuka hata ukiichanganya vizuri namna gani, manake kigae bado kinacheza.

Kukwangua grauti ya zamani kunatoa vumbi lenye silika, na vumbi la silika linaharibu mapafu polepole bila kukupa dalili mapema. Lowesha kwanza, kwangua kwa mkono, vaa barakoa ya vumbi inayobana uso, sio ya kitambaa. Kama kazi inataka grainda mpe fundi wa marumaru mwenye vifaa vya kukatia kwa maji.

Unga mweupe unatokea juu ya grauti na vigae

Unaupangusa, unapotea, wiki mbili baadaye umerudi. Watu wengi wanadhani ni fangasi. Tofautisha hivi: lowesha kwa maji, ukipotea ukilowa na kurudi ukikauka, na ukiusaga kwa vidole unasikia chembe chembe, hizo ni chumvi na chokaa. Ukiwa na manyoya manyoya na unanuka uvundo ni ukungu, huo upo mbele kidogo.

Inavyotokea ni hivi. Maji yanapenya ukuta, njiani yanayeyusha chokaa iliyomo kwenye simenti pamoja na chumvi za mbolea na za maji ya bomba yenyewe, yakifika nje maji yanapaa hewani na chumvi inabaki. Ile chokaa ikikutana na hewa ukaa inageuka kuwa tabaka gumu la aina ile ile ya mawe ya chokaa, ndiyo maana ukiuacha muda mrefu haupanguswi tena kwa kitambaa.

Anza na kuangalia unatokea wapi. Ukiwa sehemu ya chini tu, chungu kinakaa kwenye sahani yenye maji yanayonyonywa kurudi juu. Mwaga maji ya sahani nusu saa baada ya kumwagilia na ukiinue chungu kwa vijiti au vimiguu. Ukiwa kote kuanzia usawa wa udongo kushuka chini, ukuta wa ndani haujazibwa. Ukiwa umetokea mara moja tu wiki za mwanzo na haurudi, hiyo ni chokaa ya grauti mpya inayojimaliza, usihangaike nayo. Ukiwa na rangi ya manjano na unakaa pale kwenye ukingo wa juu wa chungu, ni mbolea, punguza kiasi.

Kusafisha, anza na brashi kavu ngumu, unga ukiwa mkavu, bila maji, manake ukianza na maji unaurudisha ndani. Ule uliogoma tumia siki iliyochanganywa, sehemu 1 ya siki kwa sehemu 5 za maji, na kabla ya kupaka lowesha grauti kwa maji matupu ili asidi ibaki juu isiingie ndani. Sugua, suuza kwa maji mengi hapo hapo. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha.

Siki usiiguse kabisa kama mapambo yako yana marumaru halisi, mawe ya chokaa, makombe au ganda la yai, vyote hivyo vinaliwa na asidi na mng'ao haurudi. Na ile asidi kali ya kusafishia maghorofa, ukishauriwa uitumie, kataa, kwa chungu cha maua ni kujitafutia balaa la macho na mapafu na inakula grauti yenyewe.

Ila kusafisha bila kuziba ndani ni kazi ya kurudia kila mwezi. Ukichoka kuupangusa toa mmea, kausha chungu, ziba ndani, au tumbukiza chungu cha plastiki kama nilivyosema.

Vigae vimefifia, vina utando kama umande

Hii sio ile ya juu. Ni grauti iliyokaukia juu ya vigae siku ile ya kazi. Ikiwa bado ndani ya siku moja, kitambaa kikavu cha kusugulia kinatosha. Ikishapita, kitambaa chenye unyevu na msasa wa plastiki wa kuoshea vyombo, ule mweupe usiokwaruza. Ikigoma, ile siki ya hapo juu na masharti yake yote. Mara nyingine pangusa mapema, grauti ikianza kuwa na uso mkavu, na sponji iliyokamuliwa sana, ukibadilisha maji kila yakichafuka.

Kioo kimekuwa cheusi, glasi imebadilika rangi

Vipande vya kioo cha kujitazamia vinaanza kupata weusi pembeni unaoingia katikati. Ile rangi ya fedha ya nyuma inaliwa. Mlaji wa kwanza ni silikoni inayonuka siki ikiwa mbichi, ina asidi, kwa vioo tafuta ile isiyo na asidi. Wa pili ni unyevu kupita nyuma. Kioo kikishaanza weusi hakirudi, kibadilishe, na kipya kipake mgongoni na pembeni rangi ya kinga ya vioo kabla ya kubandika.

Glasi ya rangi inayopitisha mwanga ni kitu kingine. Inaonyesha kila kilichoko nyuma, gundi ya kijivu, udongo mwekundu, mistari ya mwiko. Kama rangi zako zimekuwa za huzuni kuliko zilivyokuwa mkononi, ulitumia gundi ya kijivu, na hapo hakuna kurekebisha bila kutoa. Gundi nyeupe ya simenti, imesambazwa sawa sawa bila mistari, ndiyo ya glasi. Vile vidude vya duara vya glasi vyenye mgongo wa rangi vinamenyuka rangi vikikaa na maji, ndiyo maana unaona madoa.

Vanishi imekuwa nyeupe au inafanya malengelenge

Imenasa maji chini yake. Vanishi ya kutengeneza ngozi juu haifai kwa chungu kinachopumua, inazuia maji kutoka na yanaisukuma. Imenyue yote, acha chungu kikauke kabisa, na kama unataka kinga tumia silaa (dawa ya kuziba) ya kupenya, inayozama ndani ya grauti bila kuacha ngozi. Ngoja siku ambazo mfuko wa grauti umesema kabla ya kupaka, usipake juu ya grauti ya jana.

Kijani na weusi kwenye grauti

Kijani ni mwani, kinapenda kivuli na unyevu. Brashi na maji ya sabuni, afu sogeza chungu penye hewa. Weusi wenye uvundo ni ukungu, tumia dawa ya klorini iliyozimuliwa kama kopo linavyoelekeza, ukiwa nje, na mmea umetolewa. USICHANGANYE klorini na siki, wala usipake moja juu ya nyingine ambayo haijasuuzwa, inatoa gesi ya sumu. Ukivuta ukasikia kifua kinabana au kikohozi hakikomi, toka hewani uende hospitali.

Mikono inawasha, au inachanika ukigusa chungu

Simenti mbichi, iwe ya gundi au ya grauti, ni kali upande wa alkali, inaunguza ngozi taratibu bila maumivu ya haraka, unakuja kugundua usiku. Glavu za mpira zisizopitisha maji tangu mwanzo. Ikikugusa osha kwa maji mengi yanayotiririka. Ngozi ikibadilika rangi, ikifanya lengelenge au kidonda, usiipake mafuta, nenda hospitali. Ikiingia jichoni, maji safi yanayotiririka dakika 20, kope ukiwa umeifungua, na kwenda hospitali hata kama maumivu yamepoa. Kipande cha glasi kikiingia jichoni usisugue na usijaribu kukitoa mwenyewe, funika bila kubana, nenda.

Kuhusu makali, pitisha soksi ya nailoni iliyochakaa juu ya chungu kizima, usitumie kiganja. Panaponasa pana ncha. Sugua kwa jiwe la kunolea au msasa wa almasi ukiwa na maji, au jazia grauti. Ukingo wa juu ndio uangalie zaidi kwa sababu ndiko mikono inakoshika. Kama nyumbani kuna mtoto na chungu kiko usawa wake, ukingo huo tumia vipande vilivyozungushwa kiwandani, usitumie vya kuvunja.

Na sahani za zamani sana zenye michoro, au chungu chenye rangi ya zamani inayomenyuka, vinaweza kuwa na risasi, yaani ile madini yenye sumu. Usivikate vikiwa vikavu, usivisugue kwa msasa, na usivitumie kwa mboga au viungo vya kula. Ukiwa na mashaka na una watoto au mjamzito nyumbani achana navyo kabisa.

Mmea unadhoofika tangu uhamishiwe humu

Cheki tundu la chini kwanza. Mara nyingi limezibwa na gundi au grauti iliyodondoka wakati wa kazi. Pitisha kijiti, kisipopita toboa taratibu kwa mkono, usitumie nyundo na msumari, utapasua.

Tundu likiwa wazi, kumbuka kwamba chungu sasa hakipumui kama zamani. Udongo unakaa na maji muda mrefu zaidi, ukiendelea na ratiba ile ile ya kumwagilia mizizi inaoza. Ingiza kidole sentimita 3 hadi 5, ukikuta unyevu subiri. Ukiwa umetumia ile njia ya chungu ndani ya chungu, maji yanayotuama chini hayaonekani, inua uangalie.

Majani kuwa manjano huku mishipa imebaki kijani, kwa mimea inayopenda udongo wa tindikali kama azalea, inaweza kuwa chokaa ya simenti imeingia kwenye udongo. Inatokea zaidi kama chungu chenyewe ni cha simenti au ulipamba mpaka ndani ya ukingo. Toa mmea, jaza chungu maji, mwaga, rudia kwa siku kadhaa, afu ziba ndani.

Chungu chenyewe kimepasuka

Bisha kwa kifundo cha kidole kikiwa kitupu na kimesimama juu ya mbao. Kizima kinalia kwa mlio wazi, chenye ufa kinatoa mlio uliokufa. Mwaga maji ndani uone yanatokea wapi.

Ufa mfupi kwenye ukingo usioshuka: kausha, jaza gundi ya epoksi, endelea kukitumia kwa mmea mwepesi. Ufa ulioshuka hadi chini au unaopanuka ukiminya: mozaiki haikishikilii chungu, usidanganyike na vigae kuonekana vimeubana, siku kikijaa udongo uliolowa kinafunguka. Sababu mara nyingi ni mizizi iliyojaa, hasa kwenye vyungu vyenye tumbo pana na shingo nyembamba ambamo mizizi haina pa kupandia, na penye baridi ya kugandisha ni maji yaliyomo ukutani, yanatanuka kwa karibu asilimia 9 yakiganda na yanaibomoa ngozi ya nje pamoja na vigae vyake. Huko ingiza vyungu ndani kabla ya msimu wa baridi.

Kilichopasuka kikiwa kinaning'inia, kiko barazani ghorofani, au ni kile cha chemchemi chenye pampu ya umeme, usijaribu kukirekebisha kikiwa pale pale. Cha kuning'inia kishushwe na watu wawili. Cha umeme zima kwenye swichi kuu kabla hujaingiza mkono kwenye maji, umwite fundi umeme akague waya, manake chungu kinachovuja kinaweza kuwa kimelowesha maungio. Na kile kikubwa kilichojengewa kwenye ukingo wa baraza, mzigo wa udongo uliolowa ni mzito kuliko watu wanavyokadiria, fundi wa majengo ndiye aangalie ule ukingo kabla hujafikiria kubandika kigae kingine chochote.